Mbabe wa Barazani

Wasomaji wangu, kila kijiwe hapa mjini kina mbabe wake. Unapita zako, yeye kifua mbele, anakuuliza unamfuata nani. Sasa sikieni ya mbabe niliyemkuta kwa bibi yangu, Dimani, kule Kibiti.

Ni dume la nyuki. Si wale wa mzingani, ni wale wakubwa wanaotoboa mbao, kila jike na tundu lake. Wataalamu wanawaita Xylocopa, Kigiriki hicho, yaani mkata mbao. Huyu bwana, manjano mwili mzima, alishajipimia eneo lake mbele ya baraza. Anasimama hewani usawa wa uso wako, anavuma kama pikipiki. Kipepeo akipita, anatimuliwa. Dume mwenzake akitokea, wanakimbizana hadi mwembeni, mara huyo karudi pale pale. Nikarusha kokoto, akaifukuza nayo! Nikarudi nyuma hatua tatu.

"Mume wangu, unamkimbia huyo?" Bibi akacheka hadi kanga ikamdondoka kichwani. "Hana mwiba huyo!"

Kweli bwana. Mwiba wa nyuki asili yake ni kiungo cha kutagia mayai, kwa hiyo dume hana. Vurugu zote zile ni za kuvizia majike. Mwenye sindano ni jike, mweusi mwenye mkanda wa manjano, na wala hana habari na mtu. Yumo ndani ya nguzo anachonga. Anaweka chavua na nekta, anataga yai moja, anaziba kwa unga wa mbao, anaanza chumba kingine.

Kasheshe ni kwamba nguzo yenyewe ndiyo imeshika paa. Mjomba alishanunua mafuta ya taa ayamwage matunduni. Bibi hataki kusikia, ana mpasheni wake uani na matunda anauza. Ua la pasheni ni kubwa. Nyuki wa asali ananyonya chini bila kugusa chavua iliyo juu, lakini hao wakubwa wanaifagia kwa mgongo.

Walibishana siku mbili. Mwisho mjomba akasimika nguzo mpya, akaipaka rangi, maana mbao ya rangi hawaipendi. Ile kuukuu akaiegemeza uani, matundu yake yote salama.

Naondoka, yule mbabe keshahamia kwenye mpasheni. Anamfukuza kuku.