Shahidi Katika Chumba cha Mtihani

Mtihani ni mizani ya elimu. Mizani ikiwa sawa, aliyejifunza hupata uzito wake na asiyejifunza huonyeshwa upungufu wake. Ikiinama kwa hila au kwa uzembe, wote wawili hudhulumiwa, kwa kuwa mmoja hunyang'anywa alichonacho na mwingine hutwikwa asichoweza kukibeba. Mkono unaoshika mizani hii si wa mtu aliyetunga maswali, wala si wa yule atakayesahihisha majibu. Ni mkono wa msimamizi, ambaye kwa saa mbili au tatu hukaa katika chumba kimya, hasemi neno ila la lazima, na kazi ikiisha jina lake halikumbukwi na mtu.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya msimamizi ni kukamata wezi. Dhana hiyo si uongo, lakini ni nusu ya ukweli, tena nusu iliyo ndogo. Askari hulinda mali isiibwe. Msimamizi hulinda kitu kigumu zaidi kulindwa, yaani usawa baina ya watoto walio mbele ya macho yake na watoto asiowaona, waliokaa saa ile ile katika vyumba vingine vya nchi, mbele ya maswali yale yale. Hao hawawezi kuja kumwuliza kama saa ilianza kwa wakati, au kama bahasha ilifunguliwa mbele ya watu. Humwamini tu. Kwa hiyo yeye ni shahidi wa wasiokuwapo.

Haja ya ushahidi huu ni ya zamani. Katika China, ambako kwa karne nyingi watumishi wa serikali walichaguliwa kwa mitihani, mpaka desturi hiyo ilipokomeshwa mwaka 1905, ilionekana mapema kwamba msahihishaji ni binadamu na binadamu ana upendeleo. Katika zama za ukoo wa Song jina la mtahiniwa lilifunikwa, na majibu yake yakanakiliwa upya na waandishi ili mwandiko wake usitambulikane. Hekima hiyo ingali hai. Mtoto wa Tanzania au wa Kenya anayekaa katika mtihani wa taifa huandika nambari juu ya karatasi yake. Walakini nambari hufanya kazi yake baada ya karatasi kutoka chumbani. Ndani ya chumba nambari ina uso. Ina sare mpya au iliyochakaa, ina baba mwenye cheo au haina baba kabisa, na msimamizi huyaona yote hayo.

Mwalimu mmoja wa pwani ya Tanga alitumwa kusimamia mtihani wa kidato cha nne katika shule isiyokuwa yake, kama ilivyo desturi. Ilikuwa mwezi wa Novemba, na mvua za vuli zilikuwa zimekwisha anza. Asubuhi ya mtihani wa Jiografia aliingia chumbani kabla ya watahiniwa, akazunguka kwa utaratibu kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Nyuma ya mlango aliona ramani ya Afrika, ya zamani, imepauka rangi. Aliiteremsha, akaikunja, akaiweka nje. Mwenzake alicheka, akasema kwamba ramani ile haisomeki hata kwa mtu aliye hatua mbili. Mwalimu alijibu kwamba huenda ni kweli, lakini mtoto wa shule ya pili hana hata hiyo isiyosomeka.

Bahasha ilionyeshwa kwa watahiniwa ili waone kwamba haijaguswa, kisha ikafunguliwa. Saa ya kuanza na saa ya kumaliza ziliandikwa ubaoni. Mvua ilipoanza kupiga mabati, madawati mawili yaliyokuwa chini ya tundu la paa yalisogezwa, na dakika zilizotumika zikaandikwa katika taarifa. Mambo haya ni madogo, na mtu mwenye haraka huyadharau. Lakini haki ya mtihani imejengwa kwa mambo madogo kama haya, kama ukuta ulivyojengwa kwa mawe, na jiwe moja likiondolewa mvua hupata pa kupitia.

Saa moja ilipopita, msimamizi mwenzake alimjia kwa haraka, akamnong'oneza kwamba msichana wa safu ya tatu ana maandishi katika kiganja. Alitaka anyang'anywe karatasi mara moja na kutolewa nje, wengine wapate funzo. Mwalimu hakukimbia. Alikwenda polepole, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Binti, nifungulie kiganja chako." Msichana alikifungua huku akitetemeka. "Ni hina, Mwalimu," alisema. "Dada ameolewa Jumapili." Ilikuwa hina kweli, maua na majani, wala hapakuwa na herufi hata moja. Mwalimu alimwambia aendelee kwa amani, akaandika katika taarifa dakika nne alizopotezewa na sababu yake, ili kosa la wasimamizi lisihesabiwe kuwa la mtoto. Kama angalitolewa nje kwanza na kuulizwa baadaye, hina isingalikuwa wino, lakini mtihani wake ungalikuwa umekwisha.

Siku haikuisha kwa wema huo. Kabla ya saa ya mwisho, mwalimu mwenyewe alimwona kijana mmoja akitoa kipande cha karatasi katika soksi. Kilikuwa kimeandikwa pande zote mbili. Alikichukua bila ya makelele, akaandika saa, mahali na maneno ya kijana mwenyewe, ambaye hakubisha. Kisha alimwacha aendelee kuandika, kwa maana kanuni alizopewa zilimtaka aseme alichokiona na kuacha hukumu kwa wenye kazi ya kuhukumu.

Mchana, chakula kilipoandaliwa, Mkuu wa Shule alimwita pembeni. Hakumpa fedha wala hakumtisha. Alisema neno zito kuliko yote mawili, "Mwalimu mwenzangu, mtoto huyu hana baba. Karatasi yenyewe ndogo, na wewe ni mzazi." Mwalimu alikaa kimya kwa kitambo. Hatimaye alijibu, "Ni kweli, Mkuu. Na huko kwingine nako wako wasio na baba, ambao leo wameandika bila ya karatasi." Alitia sahihi taarifa yake. Aliongeza humo kwamba kijana alikiri mara moja na kutii, kwa sababu hilo nalo lilikuwa kweli. Usiku ule hakupata usingizi, na matokeo ya kijana hakuyajua kamwe.

Huruma ya Mkuu wa Shule haikuwa mbaya kwa asili yake, ilikuwa fupi. Ilimfikia mtoto aliyeonekana, ikamsahau asiyeonekana. Na huruma fupi ya watu wazima imewagharimu watoto mara nyingi kuliko ujanja wa watoto wenyewe, maana kikulacho ki nguoni mwako. Katika Kenya, matokeo ya watahiniwa 5,101 wa mtihani wa sekondari wa mwaka 2015 yalifutwa kwa udanganyifu, na mwaka uliofuata makontena ya kutunzia karatasi za mitihani yakawekewa kufuli mbili, ili mtu mmoja peke yake asiweze kuyafungua. Katika Tanzania, mwaka 2018, Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za msingi za Halmashauri ya Wilaya ya Chemba, pamoja na shule kadhaa za kwingineko, na watoto wakarudia mtihani mwezi wa Oktoba. Humo walikuwamo watoto ambao kosa lao lilikuwa kuketi mahali ambapo watu wazima walishindwa kazi yao. Samaki mmoja akioza, wote huoza. Na katika mtihani aghalabu anayeanza kuoza si yule aliye mdogo.

Katika siku hizi mizani imebadilika umbo. Mahali pengi karatasi imeipisha kompyuta, na wako wanaoamini kwamba mashine, kwa kuwa haina ndugu wala rafiki, imemaliza kazi ya msimamizi. Mfano wa kutazamwa ni Nigeria, ambako mtihani wa kuingia vyuo vikuu umefanywa kwa kompyuta tupu tangu mwaka 2015. Faida zake si haba. Hapana bahasha za kuibwa njiani, na matokeo hutoka baada ya siku chache. Walakini mwezi wa Mei 2025 bodi ya mtihani huo ilitangaza kwamba kosa katika mitambo yake lilikuwa limeharibu matokeo ya watahiniwa 379,997 wa Lagos na majimbo matano ya kusini-mashariki, katika vituo 157. Seva za huko hazikuwa zimepokea marekebisho ya programu yaliyopasa kupokewa. Hapakuwa na mwizi hata mmoja, na hata hivyo vijana wengi walikuwa wamekwisha ambiwa kwamba wameshindwa. Mkuu wa bodi hiyo, Ishaq Oloyede, alikiri kosa mbele ya watu huku akitokwa na machozi, na mtihani ukarudiwa.

Jambo hili lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mashine haina upendeleo, lakini ina upofu, na upofu hudhulumu kama upendeleo udhulumuvyo. La pili ni kwamba dhuluma ile ilijulikana kwa sababu watu walilalamika na watu wengine wakakubali kuchunguza. Hapo ndipo kazi ya shahidi ilipobaki. Msimamizi wa mtihani wa kompyuta hana budi kujua, kabla ya saa kuanza, kama kila kibodi inaandika na kama umeme ukikatika ipo njia ya kuendelea. Kompyuta ya mtahiniwa ikizima kwa dakika saba, hana budi kuziandika dakika hizo saba na kudai zirudishwe. Kadhalika hana budi kuuliza kama mtoto amewahi kushika kipanya kabla ya siku ile. Asiyewahi kukishika hapimwi Jiografia, anapimwa kipanya; na wa shule yenye kompyuta arobaini hawezi kulinganishwa naye kwa haki mpaka kwanza wote wawili wapewe siku za kujizoeza.

Gumu kuliko hilo ni mtihani unaofanywa nyumbani mbele ya kamera, ulioenea sana tangu maradhi ya mwaka 2020 yalipofunga shule na vyuo. Huko programu hutazama uso wa mtahiniwa, na macho yake yakihama au sauti ya pili ikisikika, humtia alama ya shaka. Lakini mtu anayefikiri hutazama dari, na katika nyumba ya chumba kimoja sauti ya pili ni ya mdogo wake anayelia. Hata kuona kwenyewe hakuko sawa kwa wote. Uchunguzi wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba programu zilizouzwa kwa ajili ya kutambua jinsia ya mtu kwa sura zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, na hazikuzidi asilimia 0.8 kwa wanaume weupe. Na mwezi wa Agosti 2022 mahakama moja ya shirikisho katika jimbo la Ohio, Marekani, iliamua kwamba chuo kikuu cha umma kilivunja haki ya mwanafunzi kilipomtaka akizungushe chumba chake cha kulala mbele ya kamera kabla ya mtihani.

Alama ya shaka iliyotiwa na mashine ni kama kiganja kilichoonwa kwa mbali. Huenda ni wino, huenda ni hina. Mashine inaweza kuona kwamba kipo kitu; haiwezi kuinama na kusema kwa sauti ya chini, "Binti, nifungulie." Kwa hiyo shaka yake haifai kuwa hukumu. Inafaa kuwa mwanzo wa swali, na swali hilo lazima liulizwe na mtu, lijibiwe na mtu, na yote mawili yaandikwe.

Jioni ile ya Novemba mwalimu wa Tanga alihesabu vitabu vya majibu mara mbili, akavilinganisha na idadi ya waliohudhuria, akavifunga katika bahasha na kutia sahihi juu ya kifuniko. Kisha aliirudisha ramani ya Afrika nyuma ya mlango, mahali alipoikuta. Msichana wa hina alikuwa amekwisha kwenda, na kijana wa karatasi vile vile. Kila mmoja alikuwa ametendewa lililompasa, si zaidi wala si pungufu, na mtoto wa shule ya mbali, ambaye hatajua hata siku moja kwamba alikuwa na shahidi, alikuwa nalo lake.