Mwalimu wa Walimu Naye Ana Haja



Mimi ni karani wa parokia huku Ololosokwan, wilaya ya Ngorongoro, karibu na mpaka wa Kenya. Kazi yangu ni kuandika: vyeti vya ubatizo, matangazo ya ndoa, na maneno yasemwayo katika halmashauri ya parokia. Leo nataka kuwaeleza habari za mstari mmoja nilioandika kwa mkono wangu mwenyewe, nami naujutia hata sasa.

Miaka kadha iliyopita tulikuwa na kijana hodari wa masomo, ambaye baba yake alikuwa amekufa. Parokia ilimshika kama mtoto wake. Huku kwetu mali ni mifugo. Basi huyu alitoa kondoo, yule mbuzi, na mzee mmoja akatoa dume la ng'ombe, wakauzwa mnadani. Kijana akasoma mpaka akapata shahada ya kwanza ya ualimu, tena kwa alama nzuri, hata chuo kikuu kimoja kikamwajiri kuwa mkufunzi msaidizi. Habari ilipofika tulifurahi mno. Tulisema, “Mtoto wetu amefika.”

Kumbe hakuwa amefika. Alikuwa mlangoni tu. Katika vyuo vikuu vya Tanzania, mkufunzi msaidizi hana budi kupata shahada ya pili ndipo awe mhadhiri msaidizi. Kisha hutakiwa shahada ya tatu ndipo aitwe mhadhiri. Baada ya hapo kuna mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na mwisho profesa. Na ngazi za juu zataka utafiti na maandiko yaliyochapishwa. Hiyo ni safari ya miaka ishirini au zaidi. Sisi tulimpa chakula cha siku moja tu.

Si hivyo tu. Tulianza kumdai. Wadogo zake walitaka karo, mama yake alitaka dawa, wajomba walitaka nauli. Nami, karani wenu, nilimwandikia barua tatu kuomba mchango wa mabati ya kanisa. Wakati huo huo alikuwa akifundisha mchana, akisahihisha kazi za wanafunzi mamia usiku, na kutafuta ada ya shahada ya pili.

Siku moja ya Desemba alikuja ofisini kwangu, amekonda. Akasema, “Kaka, siwezi tena. Naomba parokia inisaidie kwa miaka miwili. Sitaki fedha mkononi. Naomba tu mwasomeshe wadogo zangu wawili, nami nipate kulipa ada yangu.”

Nilipeleka neno lake katika halmashauri. Mzee mmoja, mtu mwema, akasimama akasema, “Tulimpeleka kisimani alipokuwa ndama. Sasa ni fahali, aende mwenyewe.” Watu wakacheka, wakakubali. Mimi sikusema kitu. Nilichovya kalamu, kama wasemavyo wazee, nikaandika: “Ombi halikukubaliwa, kwa kuwa mwombaji ana mshahara.”

Kijana yule aliacha masomo kabla ya mwaka kwisha. Baadaye aliacha na chuo pia. Leo anafanya kazi nyingine mjini, naye hutusalimu kwa heshima; lakini habari za masomo hazitaji kabisa.

Ndugu zangu, nilipaswa kujua zaidi kuliko wazee wale, maana mimi mwenyewe nimepita chuo cha ualimu. Hapo palikuwa na mkufunzi mmoja aliyetusomea kutoka daftari ambalo kurasa zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Sisi vijana tulimcheka. Baadaye ndipo nikajua kwamba tangu aajiriwe hajapelekwa masomo hata mara moja, wala hapakuwa na mtu wa kumpa kitabu kipya. Na yale ya daftari lake mimi niliyachukua, nikawafundisha watoto nilipokuwa katika mazoezi ya kazi. Mkufunzi mmoja akichoka, walimu mia wachoka pamoja naye. Na kila mwalimu ana darasa zima nyuma yake.

Twaweza kujifunza kwa waliotangulia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi 14 tu wa sheria, na walimu wengi wa miaka ile walikuwa wageni. Ilibidi wenyeji watafutwe na kusomeshwa. Mmoja wao alikuwa Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, aliyesoma Marekani katika chuo cha Kilutheri cha Pacific Lutheran, kisha Northwestern. Kitabu chake cha historia ya Wapare kilitoka mwaka 1969. Na mwaka 1991 akatoa kingine juu ya watu wale wale. Miaka 22 katikati! Matunda ya namna hiyo hayatoki kwa mtu aliyesaidiwa mwanzoni kisha akaachwa.

Siku hizi wengine wamelitambua jambo hili. Tangu mwaka 2008 uko umoja uitwao CARTA, wenye vyuo vikuu vya nchi kadha za Afrika, kama vile Makerere na Nairobi. Huwasaidia walimu wa vyuo wasomee shahada ya tatu katika mambo ya afya ya watu, huwakutanisha ili watiane moyo, na hata wakihitimu hauwaachi mara moja. Serikali yetu nayo mwaka 2021 ilipata mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia kwa mradi wa HEET, na sehemu ya fedha hizo ni ya kuwasomesha walimu wa vyuo vikuu.

Hayo ni mazuri. Lakini chuo chaweza kumpa mtu ada, kikamwekea mwandamizi wa kumwongoza, kikampunguzia vipindi. Ikiwa nyumbani twamvuta shati kila mwisho wa mwezi, hatapanda ngazi. Kazi ile haiwezi kufanywa na chuo peke yake.

Sasa tumepata bahati ya pili. Binti mmoja wa hapa kwetu ameajiriwa mwaka huu kuwa mkufunzi msaidizi. Katika kikao kijacho nitaomba ruhusa ya kusema, nami nitasema mambo matatu. Kwanza, tusimwandikie barua ya mchango mpaka apate shahada ya pili. Pili, mdogo wake asomeshwe na parokia. Tatu, kila mwaka mtu mmoja amwulize: umefika wapi, na nini kimekuzuia? Na mzee yule akileta tena neno la kisima, nitamwuliza kwa adabu: “Mzee wangu, je, fahali hanywi maji?”

Nawe msomaji, ukiwa na mwalimu wa chuo katika ukoo wako, usimwulize leo ana shilingi ngapi. Mwulize yuko ngazi gani.