Kitambaa Kilichoanguka Mchangani

Akina mama wenzetu, kuosha gari huhesabiwa kuwa kazi ya vijana na baba watoto. Hata hivyo, Jumamosi moja ya Desemba 2018 tulijikuta akina mama wanne wa kanisani tukiosha gari jeusi uani kwetu, hapa Mwanakwerekwe. Jioni lilikuwa limchukue bibi harusi hadi Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini. Gari halikuwa letu. Tuliliazima kwa jirani, mzee wa Kiislamu, aliyetukabidhi ufunguo bila kuuliza mengi.

Tuliliosha kama tunavyosugua masufuria: ndoo moja, sabuni ya unga, vipande vya kanga kuukuu, na jua la saa tano likituwakia. Mtoto wa mmoja wetu, mvulana wa miaka 13, alikuwa akituchotea maji. Mara kitambaa kikaanguka mchangani. Aliyekiangusha alikuwa mmoja wetu. Alikikung'uta, akakichovya ndooni, tukaendelea kusugua. Sote tuliona.

Gari lilipokauka, boneti ilijaa mikwaruzo na madoa meupe. Mzee alipokuja, aliuliza kwa upole, "Imekuwaje tena, wanangu?" Tulitazamana. Mmoja wetu akasema, "Ndio watoto hawa, mzee." Sisi wengine tukanyamaza. Mvulana aliiweka ndoo chini, akaondoka bila neno. Harusini hakuja.

Usiku ule usingizi haukutujia. Sisi tulio wauguzi hufundishwa mapema kwamba kidonda husafishwa kuanzia pasafi kwenda pachafu, na pamba iliyoanguka sakafuni hairudi kwenye kidonda. Wodini twalishika hilo, uani tulilisahau. Na baya zaidi, tulimtwika mtoto kosa la watu wazima.

Jumapili, baada ya ibada, tulikwenda wote wanne kwa mzee, na mvulana tukamchukua. Tukaamkia, tukaeleza kila kitu. Mzee akasema, "Gari lina fundi wake. Mtoto mmeshamwambia?" Hatukuwa tumemwambia. Tukamgeukia, tukamwomba radhi palepale barazani. Akamtazama mama yake: "Nilidhani hukuona kitambaa kilivyoanguka." Mama akajibu, "Niliona, mwanangu." Kwa muda hakuna aliyesema neno.

Fundi aliisugua boneti kwa dawa ya kung'arishia, nasi tukachanga gharama. Tangu hapo tumejifunza kazi hii upya, na tunawaachia wasomaji tuliyoyapata.

Gari lisioshwe juani wala boneti ikiwa ya moto, kwani sabuni hukaukia juu yake. Liwekwe kivulini, kisha limwagiwe maji matupu kwanza ili mchanga na chumvi ya bahari viondoke kabla ya kitambaa kuligusa. Tumieni ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa kila mara kabla ya kukirudisha kwenye sabuni. Sabuni iwe ya maji, ile ya magari. Ya unga hula nta inayolinda rangi. Dodoki muwaachie masufuria. Anzeni juu ya paa, shukeni kwenye vioo, boneti na milango. Tairi na ringi ziwe za mwisho, na ziwe na kitambaa chao.

Suuzeni sehemu moja moja kabla sabuni haijakauka. Kopo hutosha, na maji ya taabu huokolewa. Kisha kausheni upesi, maana maji ya Unguja hupita katika mawe ya chokaa. Chokaa ile inayoganda ndani ya birika ndiyo iliyotuachia madoa meupe. Taulo laini la pamba ligandamizwe polepole, lisisuguliwe. Fungueni milango na buti, mfute kingo zake, kwani maji yakijificha huko, na hewa yetu hii ya chumvi, kutu haikawii. Mwisho, gari liendeshwe taratibu na breki zikanyagwe mara mbili tatu ili zikauke.

Mzee bado hutuazima gari lake harusi zikitokea. Yule mvulana sasa ni kijana, na ndiye msimamizi wetu uani. Ametuwekea sharti moja: kitambaa kikianguka, aliyekiangusha aseme mwenyewe. Siku ya kwanza tulicheka. Sasa tumezoea. Utasikia mama mzima akiita, "Changu kimeanguka!" Naye kijana humletea kingine.