Vifaranga vya Kambare Viligoma Kula

Hapa Tiira wengi huchimba dhahabu. Sisi tulijaribu kufuga kambare, tukitarajia karo ya watoto. Vifaranga vilipoanguliwa, siku 3 hivi za mwanzo viliishi kwa kiini cha yai. Kisha tukavipa unga wa dagaa. Havikuugusa. Unga ukaoza, na asubuhi tukakuta vingi vimekufa. Tuliona haya: kiumbe uliyemfungia hawezi kujitafutia.

Jirani mfugaji akatueleza: kifaranga hufuata kinachocheza majini, na tumbo lake ni changa kwa chakula kikavu. Wafugaji wa samaki wa baharini hutumia artemia, vijidudu ambavyo mayai yake huanguliwa katika maji ya chumvi kwa saa 24 hivi. Mayai hayo ni ghali. Basi tukatia samadi kwenye kidimbwi kingine, mbali na maji ya kuoshea dhahabu, maana zebaki hudhuru samaki na mlaji. Maji yakawa kijani, viroboto wa maji wakazaliana. Tukawachota kwa kitambaa chepesi, tukawasuuza, tukavilisha vifaranga kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku.

Vilivyobaki vilikula, alhamdulillah. Sasa watoto wetu hukagua kidimbwi kabla ya kunywa chai yao. Mifugo ni amana.