Mwarobaini wa Uani

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii yaulandana barabara mwarobaini, mti uliovuka Bahari ya Hindi ukatia mizizi katika upwa wa Kenya, hata wapo wanaouita mkilifi kana kwamba ulizaliwa Kilifi. Jina lake latokana na imani kwamba unatibu maradhi arobaini.

Katika kijiji kimoja nje ya mji wa Malindi, bibi mmoja alikuwa na mti huo uani mwake. Kila alfajiri alivunja kijiti, akaitafuna ncha yake hadi ikawa nyuzinyuzi, akapiga mswaki. Mjukuu aliyeugua tetekuwanga aliogeshwa kwa maji ya majani yaliyochemshwa na kupozwa, na mwasho ukatulia. Jioni bibi alifukiza majani makavu ili kuwafukuza mbu. Mengine aliyachanganya na kunde ghalani, fukusi wasije wakazila.

Bustanini, mti huo ulikuwa mlinzi wake. Alitwanga kokwa zilizokaushwa kivulini, akauloweka unga wake usiku kucha, akachuja na kuinyunyizia michicha na mibamia. Bibi alikisia kwa konzi. Wataalamu hupendekeza takriban gramu 50 za unga kwa lita moja ya maji. Alinyunyiza jioni, naye alikuwa na sababu, kwani jua kali huidhoofisha azadirakitini, kemikali iliyomo ndani ya kokwa. Kemikali hiyo aghalabu haimwui kiwavi papo hapo, bali humwondolea hamu ya kula na kumzuia kujivua gamba, asikue.

Usiku mmoja jirani alibisha hodi huku amembeba mwanawe wa miezi minane. Mtoto alikuwa akitokota kwa homa. Mkononi mama alishika chupa ya mafuta ya mwarobaini na kijiko.

"Bibi, nimnyweshe kiasi gani?"

Bibi aliipokea chupa ile, akaifunga, akaiweka juu ya kabati.

"Hata tone moja, mwanangu. Mti huu ni wa arobaini. La arobaini na moja lina wenyewe, nao wako hospitali. Twende."

Waliondoka usiku uo huo. Katika zahanati mtoto alipimwa damu, akapatikana na malaria, akatibiwa, akapona.

Bibi hakuwa amesoma majarida ya kitabibu, lakini hakukosea. Mwaka 1981 jarida la Lancet liliripoti juu ya watoto wachanga nchini Malesia walionyweshwa mafuta hayo wakatapika, wakasinzia na kudhurika ubongo. Aidha, mja mzito hushauriwa asiinywe dawa ya mwarobaini. Manufaa ya mti huu kwa meno, ngozi na bustani hayaufanyi kuwa badala ya kipimo cha damu na dawa ya malaria.

Ama kwa hakika, anayeusingizia mti uwezo usiokuwa nao hauenzi, bali auvunjia heshima. Siku mtoto atakapodhurika, lawama itauangukia mti, wala si mkono uliokishika kijiko. Bibi aliutumia mwarobaini kila siku ya maisha yake, na kwa kuwa aliujua vyema, alijua pia mahali unapokomea.

Mtoto yule sasa ni mwanafunzi wa shule ya msingi. Kila alfajiri, kabla ya kushika njia ya shule, hupitia uani kwa bibi akavunja kijiti chake.