Krismasi bila theluji: Siku tano Katavi na mama mkwe

Msomaji wangu, kama umeoa au umeolewa, bila shaka unalijua lile swali la kila Novemba: mwaka huu Krismasi tunakula kwa nani? Kwenu au kwetu?

Nyumbani kwangu swali hilo lilikuwa na jibu moja kwa miaka 8 yote ya ndoa. Tunakula hapa hapa Dar. Mume wangu ni mtoto wa Mpanda, lakini ikifika Desemba hakuwahi hata siku moja kutamka neno "nyumbani". Tulikwenda kumsalimia mama yake mwezi wa saba, mwezi wa nane, wakati wa kiangazi. Desemba, hapana. Nami, kusema ukweli, sikumbana. Nani anataka kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 msimu wa mvua wakati pilau liko jikoni na ufukwe uko karibu?

Aliyevunja utaratibu ni binti yetu wa miaka 7. Tulimpeleka kwenye duka moja kubwa la hapa jijini kupiga picha na Baba Krismasi. Si unawajua? Koti jekundu, ndevu za pamba, na jasho linamtiririka yule kijana wa watu mpaka unamwonea huruma. Chini walikuwa wamemwaga theluji ya plastiki. Mtoto akaishika, akainusa, akauliza: "Baba, kwa bibi Mpanda kuna theluji?"

Mume wangu akacheka. "Kwa bibi kuna viboko."

"Wa kweli?"

"Wa kweli kabisa."

"Basi twende huko!"

Mwenzangu akanyamaza. Usiku, watoto wamelala, akaniambia, "Mama fulani, unaonaje tukienda?" Nikajua hilo jambo si la viboko tu.

Theluji ya wenyewe

Kabla ya kuondoka nilimwonyesha binti yangu picha za kule ambako watu wanaifuata Krismasi yenyewe hasa. Finland, karibu na mji wa Rovaniemi, kwenye mstari wa Aktiki, kuna kijiji cha Baba Krismasi kilichoanzishwa mwaka 1985. Familia zinatoka dunia nzima kwenda kupanda mikokoteni ya kuvutwa na paa wa baridi, huku kiongozi wa msafara akiwasimulia hadithi. Desemba jua huko halipandi, linachungulia tu na kutoweka. Pazuri, siwezi kubisha. Lakini nauli ya familia ya watu wanne kwenda huko? We acha tu.

Tukaamua kutengeneza ya kwetu. Kupitia shemeji yangu tulimpata kijana mmoja wa Mpanda anayeongoza wageni hifadhini na Land Cruiser ya kukodi. Tukampa masharti: wapo watoto wawili, yupo bibi, na hakuna kukimbizana.

Darajani Koga

Tulitumia gari letu, tukalala Dodoma, tukalala Tabora. Siku ya tatu tukashika barabara ya Sikonge na Ipole kuelekea Mpanda. Siku hizi ni lami, gari linateleza tu katikati ya misitu ya miombo. Pembeni wanauza uyoga wa msimu na asali. Ukifika Inyonga usipite bila kununua asali, utajilaumu.

Kwenye mto Koga, mpakani mwa Tabora na Katavi, mume wangu akaegesha gari. Nilidhani anataka kujinyoosha. Akashuka, akasimama anaangalia maji. Nikamfuata.

"Ilikuwa njia hii hii," akasema. "Desemba 2014."

Hapo ndipo nilipoisikia habari nzima, baada ya miaka 8 ya kulala kitanda kimoja! Nilijua baba yake alifariki mwezi huo kabla hatujafahamiana. Sikujua kwamba aliumwa wiki mbili, na kila simu mwenzangu alikuwa akisema, "Nikimaliza kazi za mwisho wa mwaka nakuja." Alipoondoka Dar, mzee alikuwa bado anaongea. Enzi hizo njia hii ilikuwa tope tupu. Basi lilizama, abiria wakalala porini, wakasukuma, likazama tena. Alipofika Mpanda alikuta kaburi limeshafukiwa na shada za maua zimelowa mvua. Siku mbili baadaye ikawa Krismasi.

"Tangu siku hiyo nikisikia nyimbo za Noeli nasikia harufu ya tope," akaniambia.

Sikuwa na la kusema. Nikamshika mkono, tukarudi garini. Watoto walikuwa wanagombania biskuti.

Mji wa reli

Mpanda ni mji unaokaa zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata Desemba usiku kuna kaubaridi kazuri ka kujifunika. Tangu mwaka 2012 ndio makao makuu ya mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa. Lakini mji wenyewe ulikua kwa sababu ya madini ya risasi. Ni kwa ajili ya mgodi huo kwamba Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Kaliua, miaka ya mwisho ya 1940. Mgodi ulishafungwa zamani, ila reli imebaki, na baba mkwe alifanya kazi kwenye hiyo reli maisha yake yote.

Mama mkwe alitupokea barazani. Uani kwake kuna mti mkubwa uliojaa maua mekundu kama moto, ule ambao wengi tunauita mkrismasi kwa sababu huchanua mwezi huu. Binti yangu akaupigia makofi. "Bibi ana mti wa Krismasi wa kweli!"

Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, kisha akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. "Umekuja Desemba," akasema. Basi. Hakuongeza neno.

Nilivyomwambia kesho yake asubuhi tunakwenda naye hifadhini, alicheka mpaka machozi. Unajua, msomaji wangu, kutoka Mpanda hadi Sitalike, penye makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ni mwendo wa chini ya saa moja. Mama ameishi hapo zaidi ya miaka 50. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1974, yeye akiwa mke kijana. Hakuwahi kuingia hata mara moja! Tembo kwake ni yule anayekula mahindi ya watu. "Sasa nilipe hela nikamtazame mwizi?" akauliza.

Viboko wa Katuma

Alikuja, na kitenge chake kipya. Mimi niliteremka nimevaa jinzi ya bluu iliyokoza. Akanitazama, akatikisa kichwa. "Mwanangu, hiyo suruali utaliwa." Kiongozi wetu akamuunga mkono: mbung'o wanapenda sana rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nilijitia ubishi wa mjini. Saa moja baadaye nilikuwa najikuna mapaja kama nina upele, mama mkwe ananipepea kwa khanga na kucheka kwa chinichini. Ukweli ni kwamba barafu kati yetu wawili, kama ilikuwepo, iliyeyukia hapo.

Sasa, tuambizane ukweli kuhusu Katavi mwezi wa 12. Picha zote unazoziona za viboko mamia wamelaliana kwenye kidimbwi cha tope ni za kiangazi, hasa kuanzia Agosti hadi Oktoba, mto Katuma unapokauka na kubakiza madimbwi machache. Mvua ikija wanatawanyika. Tulisimama kwenye bwawa la Sitalike tukawaona kama kumi hivi, wanatoa pua na masikio tu. Binti yangu hakujali hesabu. Mmoja alipiga mwayo, mtoto akapiga kelele za furaha, mdogo wake akalia.

Tulichokosa kwa viboko tulikipata kwingine. Nyika yote ya kijani kibichi. Twiga, pundamilia, nyati, nyamera. Swala wadogo wa siku chache tu, miguu bado inatetemeka. Na ndege! Kiongozi akatuonyesha kundi la mbayuwayu wanaruka chini chini juu ya majani. "Hawa ni wageni," akasema. "Kwao ni Ulaya. Wamekimbia theluji, wamekuja kula Krismasi huku."

Binti yangu akanigeukia. "Mama, kwa hiyo wao wanaikimbia?"

"Wanaikimbia, mwanangu."

Mti wa Katabi

Nilitamani tufike kwenye mkwaju ulioko karibu na Ziwa Katavi. Wenyeji wanaamini mzimu wa Katabi, mwindaji mashuhuri wa zamani ambaye hifadhi imepewa jina lake, unakaa kwenye mti huo, na hadi leo wapo wanaokwenda kuacha sadaka wakiomba baraka. Lakini mbuga ya udongo mweusi ikishanyeshewa haina mzaha. Mbele yetu njia ilikuwa imejaa maji. Kiongozi akashuka, akapima kwa fimbo, akarudi anatikisa kichwa. "Tukiingia hapa, Krismasi tutaila hapa."

Nilimwona mume wangu akibadilika sura. Ni tope lile lile.

Mama naye alimwona. Akamwita kwa jina lake la utotoni, akamwambia taratibu, sisi wote tukisikia: "Baba yako hakukusubiri kwa sababu mvua ilikuwa inajaza kaburi. Ni mimi niliyesema wazike. Kama ni kosa, ni langu. Miaka yote nimekaa nadhani umenikasirikia mimi."

Msomaji wangu, hebu fikiria. Mwana anadhani mama analaumu kwamba alichelewa. Mama anadhani mwana analaumu kwamba hakusubiriwa. Miaka 10, kila mmoja anamkwepa mwenzake mwezi wa Desemba, na simu zipo mfukoni!

Mume wangu alilia. Kiongozi wetu, kijana mwenye adabu zake, aliwachukua watoto dirisha la pili kuwaonyesha nyayo za tembo. Kisha akageuza gari.

Noeli ya Karema

Tarehe 24 tukaelekea Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 100 magharibi mwa Mpanda. Mama mkwe ni mzaliwa wa huko, na kwake hakuna Krismasi, kuna Noeli. Njiani alikuwa yeye ndiye kiongozi wa msafara.

Alitusimulia jinsi Wabelgiji walivyojenga ngome hapo mwaka 1879 kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold, na jinsi mwaka huo huo tembo wanne waliofugwa India walivyoteremshwa pwani ya Msasani ili wabebe mizigo mpaka ziwani. Wengi walifia njiani. "Msasani ya kwetu?" binti yangu akashangaa. Ya kwetu! Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, wakaichukua ngome wakaigeuza misheni.

Na yupo Dokta Adriano Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadri hao, akasomea uganga Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na hakuondoka. Alitibu watu wa ziwani hadi alipofariki mwaka 1956. "Alikuwa na sababu zote za kwenda kwingine," mama akasema. "Akabaki." Sikujua kama anamwambia mwanawe au anatuambia sote.

Asubuhi ya Noeli kanisa lilijaa mpaka nje. Pango lilikuwa la udongo na majani mabichi, ng'ombe na kondoo wamefinyangwa kwa mkono. Hakukuwa na theluji wala Baba Krismasi. Baada ya misa tulikula wali na migebuka ya kuchoma kwa ndugu ambao nilikuwa siwajui, ziwa likiwa mbele yetu. Tarehe 26 tukarudi Mpanda, na kabla ya kuagana mume wangu alikwenda kaburini na mama yake, wawili tu. Sikumuuliza waliongea nini.

Ukitaka kwenda

Kama lengo lako ni kuona wanyama kwa wingi, nenda kiangazi. Ukienda Desemba, nenda kwa ajili ya kijani, ndege na utulivu, na kubali kwamba njia nyingine zitakuwa zimefungwa na maji. Chukua gari lenye nguvu na kiongozi anayejua kusema "hapa hatupiti". Vaa rangi za kaki au kijivu, si bluu wala nyeusi. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, na ni nafuu sana ukilinganisha na mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Weka siku ya ziada kwenye ratiba, maana mvua haina ratiba. Na mchukue bibi.

Novemba hii swali litarudi tena mezani: kwenu au kwetu? Kabla hujajibu, muulize mwenzako kwa nini hapendi kwenda pale asipopenda kwenda. Mimi nilichelewa miaka 8 kuuliza. Hadi mwezi ujao, pendaneni.