Mahali pa Mkono

Nje kidogo ya mji wa Nakuru, upande wa Ngata, lipo jumba la mawe liitwalo Kasri la Egerton. Wanafunzi hupelekwa huko kutazama vyumba vyake 52 na kusimuliwa visa vya bwana mwenye nyumba ambaye, yasemekana, hakutaka kumwona mwanamke kizingitini pake. Visa hivyo vimerudiwa hata vimechujuka. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba Maurice Egerton, yule yule aliyeanzisha shule ya kilimo pale Njoro mwaka 1939, shule iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1987, alikuwa miongoni mwa marubani wa mwanzo kabisa wa Uingereza. Cheti chake cha urubani cha mwaka 1910 kilikuwa cha 11 nchini humo.

Ndege aliyoirusha ilikuwa ya muundo wa ndugu Wright, iliyoundwa na akina Short katika kisiwa cha Sheppey. Haikuwa na fimbo ya katikati. Rubani alikuwa na nyenzo mbili: ya mkono wa kushoto ilipandisha na kushusha pua, na ya mkono wa kulia ilipinda mbawa na kugeuza usukani wa nyuma. Katika ndege za muundo huo, aliyejifunzia kiti kimoja hakuweza kuhamia kiti cha pili bila kujifunza upya, kwa kuwa mikono ilibadilishana kazi. Huo ulikuwa wakati ambapo kila ndege ilikuwa kazi ya mikono ya mafundi wachache, na gharama yake haikuwa fedha tu. Charles Rolls, mwenye cheti cha 2, ambaye jina lake lingali katika magari ya Rolls-Royce, alikufa Bournemouth tarehe 12 Julai 1910, mkia wa ndege yake ulipovunjika angani. Cecil Grace, mwenye cheti cha 4, alipotelea baharini Desemba ya mwaka huo huo.

Wenzo mmoja wa kati, ambao Mfaransa Robert Esnault-Pelterie hutajwa kuwa aliubuni mwaka 1907, ndio ulioshinda. Beryl Markham, binti aliyelelewa Njoro, alipojifunza urubani mwaka 1931, rubani wa ndege ndogo alikwisha kuzoea kushika fimbo iliyosimama kati ya magoti yake.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana neno la kusema. Lugha yetu iliingia angani na msamiati wa baharini. Rubani alikuwa mwelekezaji wa chombo kabla hajavaa vipokea sauti masikioni, na usukani ulikuwa ubao wa nyuma ya jahazi. Lakini kuiita fimbo hiyo ‘usukani’ kunazua mkanganyiko, kwa sababu ndege ina usukani wake halisi mkiani, nao huendeshwa kwa miguu. Neno ‘wenzo’ linafaa zaidi. Bahati mbaya wingi wake, ‘nyenzo’, umetekwa na warsha na semina hata watu wamesahau kwamba asili yake ni mti wa kusukumia vitu vizito. Na sehemu ya juu, pale kiganja kinapokaa, haihitaji kamati ya istilahi: ni mpini, kama wa jembe, kama wa kisu. Waswahili wanajua vyema tofauti kati ya aliyeshika mpini na aliyeshika makali.

Mara kwa mara magazeti ya Kenya huandika juu ya watu wanaojiundia ndege nyuani mwao. Waandishi huuliza juu ya injini na mbawa. Hakuna aulizaye juu ya mpini, ingawa ndiyo sehemu ambayo mwundaji hataiachilia tangu anapoondoka ardhini hadi anapotua.

Kuuweka mpini ni kazi ya subira. Mwundaji huketi kwanza kitini, mikanda ikiwa imefungwa, na kuupumzisha mkono pajani. Kiganja kinapoangukia ndipo mpini unapotakiwa kuwa. Kisha wenzo husukumwa hadi mwisho wa kila upande: mbele, nyuma, kushoto, kulia, na pembe zote nne. Ukigusa dashibodi, paja au kifungo cha mkanda, bomba lake hukatwa, lakini kidogo kidogo, kwani chuma kilichokatwa hakirefuki. Mpini wenyewe hugeuzwa nyuzi chache kuelekea ndani, kwa kuwa mkono hutokea begani na haushuki wima kama nguzo. Unaweza kuwa wa plastiki ulionunuliwa, au wa mti uliochongwa. Mzeituni wa porini, ambao Wakikuyu huuita mutamaiyũ na Wamaasai oloirien, ni mgumu na hulainika vizuri kwa msasa. Unene nao una maana. Mpini mnene hualika ngumi, na rubani anayeshika kwa ngumi huzidisha kila mtikisiko. Afadhali mwembamba, ushikwe kwa kidole gumba na vidole viwili.

Katika Bonde la Ufa hilo si jambo la anasa. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Mbio za kuruka huwa ndefu, kupanda huwa kwa taratibu, na ifikapo adhuhuri hewa moto hufumka kutoka mashambani na kwenye kingo za Menengai ikaitupa ndege ndogo kama pepeo.

Kisha zipo nyaya. Kitufe cha redio na swichi ya kusawazisha pua hupenda kukaa mpinini, na nyaya zake hupita ndani ya bomba. Tundu la kutokea lisuguliwe kingo kwa tupa na kuvishwa mpira, na waya uachiwe ulegevu chini, la sivyo utasagika kila wenzo unapocheza. Mpini ufungwe kwa bolti inayopenya bomba, yenye nati isiyolegea. Gundi peke yake haitoshi. Ama kitufe cha kuwashia injini, wengi hukitamani pale juu, lakini heri kibaki dashibodini.

Jinsi mahali pa mkono panavyoweza kuua kulidhihirika Marekani tarehe 12 Oktoba 1997. Mwimbaji John Denver alikuwa akirusha Long-EZ, ndege ya kuundwa nyumbani aliyoinunua karibuni. Katika michoro ya asili, vali ya kuchagua tangi la mafuta ilikaa mbele, kati ya miguu. Mwundaji aliihamishia nyuma ya bega la kushoto ili mabomba ya mafuta yasipite alipoketi rubani. Nia njema kabisa. Kuifikia kulimlazimu rubani aachie wenzo, ageuke, na kunyosha mkono wa kulia juu ya bega la kushoto. Wachunguzi walihitimisha kwamba katika kujipinda huko, mguu wake ulikanyaga pedeli ya kulia bila kukusudia. Ndege ilianguka baharini karibu na Pacific Grove, California.

Kwa hiyo ndege yenye viti viwili humwachia mwundaji swali moja zaidi: wenzo wa upande wa abiria. Wengine huufanya uwe wa kuchomoka. Anapopakiwa mjomba ambaye hajawahi kuruka, huchomolewa, swichi zake huzimwa, na tundu lililobaki hufunikwa vizuri, kalamu isije ikadondokea humo.